Uzi: "Usitishwaji wa muda wa huduma husika" maana yake maji yanakatika. Kwa nini hatusemi hivyo?

#1 Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Naanza kwa kujishtaki mwenyewe.

Nilikuwa katibu wa wapangaji kwenye jengo tunaloishi. Kazi kubwa ya katibu ni kubandika matangazo. Siku moja fundi akaniambia kesho anabadilisha bomba, kwa hiyo maji hayatatoka. Nikakaa kwenye kompyuta, nikajiona mtu mzito, nikaandika hivi:

"Wapangaji wote mnataarifiwa kwamba, kutokana na zoezi la ukarabati wa miundombinu ya usambazaji wa maji linalotarajiwa kufanyika, kutakuwepo na usitishwaji wa muda wa huduma husika. Hivyo mnashauriwa kuchukua hatua stahiki. Usumbufu wowote utakaojitokeza unasikitikiwa."

Nikalisoma mara mbili, nikaridhika, nikabandika. Saa moja haijapita, simu zikaanza. "Katibu, hilo tangazo ni la umeme?" "Hatua stahiki ndiyo ipi, tunahama?" Mzee mmoja wa ghorofa ya juu hakupiga simu. Alishuka ngazi zote, akabisha hodi, akauliza: "Mwanangu, maji yanakatika saa ngapi?"

Nikaenda kulisoma tena pale mlangoni. Saa haipo. Siku haipo. Nimeandika maneno zaidi ya 30 na nimesahau vitu viwili ambavyo kila mtu alitaka kuvijua.

Nikalichana. La pili lilikuwa hivi: "Kesho Jumanne maji yatakatika kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Jazeni ndoo leo usiku." Hakuna aliyepiga simu.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba lile la kwanza halina msamiati mgumu kihivyo. Zoezi, huduma, hatua, muda, yote tunayajua. Ila yaliniwezesha kuandika bila kufikiri. "Hatua stahiki" iliniondolea kazi ya kujiuliza ni hatua gani. "Zoezi linalotarajiwa kufanyika" ilinisahaulisha kwamba lina siku na saa. Nilijificha nyuma ya maneno bila kujua kwamba nimejificha.

Leteni yenu. Ila yawe ya kwenu wenyewe, tusianze kucheka watu.

#2 Mpita Njia

Nakaa hapa na kiti changu.

#3 Mhariri wa Zamu

Mleta uzi umenigusa, maana hii ndiyo kazi inayonilisha. Kwa miaka mingi nimepitisha kalamu nyekundu kwenye maandiko ya watu, na ugonjwa ninaokutana nao kuliko mwingine ni huu: mtu anachukua kitenzi kizima, chenye nguvu zake, anakigeuza jina, halafu anakitafutia kitenzi kingine cha kukibeba. Kukagua kunakuwa "kufanya ukaguzi wa". Kueleza kunakuwa "kutoa maelezo kuhusiana na". Kuamua kunakuwa "kufikia uamuzi wa". Juzi tu nimekutana na "kamati ilifanya utekelezaji wa zoezi la uchaguzi wa viongozi". Jamani. Kamati ilichagua viongozi.

Na Kiswahili ndiyo lugha ambayo haikuhitaji balaa hilo kabisa. Kitenzi chetu kinajitosheleza: andika, andikia, andikwa, andikisha, andikiana. Neno moja, "hatukuwaandikia", limeshabeba nani, lini, nani kaandikiwa, na kwamba jambo lenyewe halikutokea. Ukilibadilisha ukasema "hakukufanyika uandikaji wa barua kwao", mtendaji ameshatoroka. Hapo ndipo ninaposhika kalamu, na swali langu huwa lilelile: nani hakuandika? Mara nyingi mwandishi hanyamazi kwa bahati mbaya. Aliyezembea ni bosi wake.

Halafu kuna yale ninayofuta bila kuuliza: "suala zima la" (kuna suala nusu?), "kwa namna moja ama nyingine", "ili kuweza", "ni vyema ikafahamika kwamba". Na "takriban zaidi ya watu 100". Takriban ni karibu. Sasa ni karibu na 100 au zaidi ya 100? Chagua.

Hatari nyingine ya neno la kuazima kwa ajili ya sherehe ni kulishika kichwa chini miguu juu. Adhimu ni tukufu, adimu ni kitu kisichopatikana kwa urahisi. Nimesoma kadi ya harusi iliyomwita bibi harusi "mke adimu". Sijui bwana harusi alimaanisha nini, na sikuuliza.

#4 Mpita Njia

"Mke adimu" 😂 kiti nimekisogeza mbele.

#5 Binti wa Beti

Mimi nitakuwa mpinzani wenu leo, maana nyuzi za namna hii nazijua zinakoishia. Mtu anaanza na tangazo la maji, na kabla ya ukurasa wa pili mnatuambia tuandike kama maelekezo ya kufunga kabati.

Kudamka si kuamka. Aliyedamka ameamka mapema, kwa kusudi, pengine bado giza. Kuchungulia si kutazama. Kununa si kukasirika, kughadhabika nako ni kwingine. Na mtondo je? Kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Siku nne zina majina na sisi tumebaki na mawili, halafu tunasema "siku ile baada ya keshokutwa". Hapo nani anatumia maneno mengi bila sababu? Maneno haya yanakufa kwa sababu kila anayeyaandika anaambiwa anajidai.

#6 Kalamu Butu (mleta uzi)

Dada, hapo sikupingi hata kidogo, na nafurahi umekuja mapema.

Kudamka, kuchungulia na kununa kwangu si maneno ya mbwembwe. Kila moja lina kazi ambayo jirani yake haifanyi. Kipimo ninachotumia siku hizi ni kubadilisha tu. Natoa neno, naweka lile linalojulikana na wote, nasoma tena. "Alidamka" nikiliweka "aliamka", ile alfajiri imepotea, narudisha. "Siha yake ilizorota" nikiandika "afya yake ilizorota", nimepoteza nini? Sioni. Vivyo hivyo "aushi" na maisha, "tamati" na mwisho, "kwa minajili ya" na kwa ajili ya. Hapo msomaji kaongezewa kigingi cha kuruka bila kupata chochote upande wa pili.

Ila nakiri kipimo hiki ni cha barua, matangazo, ripoti na maelezo. Kwenye shairi, mizani na vina vina madai yao, na "siha" inaweza kukaa mahali ambapo "afya" haikai. Huko siingii, nitapigwa.

Mtondo ningelitumia mimi mwenyewe, ila kwenye tangazo la maji ningeandika Alhamisi.

#7 Binti wa Beti

Alhamisi nimekubali. Kwa leo.

#8 Nesi wa Usiku

Ninyi mnacheka, sisi kwetu neno likipotea linampata mtu mwilini.

Kulikuwa na karatasi ya maelezo iliyosema: "Epuka matumizi ya dawa hii sanjari na unywaji wa vileo." Mama mmoja mtu mzima akanifuata baada ya siku chache, ananong'ona: "Mwanangu, hiyo sanjari naiona wapi nisije nikaila?" Alikuwa ameshawaonya na wajukuu wasimletee kitu chochote chenye sanjari ndani. Sikucheka mbele yake. Mama alikuwa ametii kila neno alilolielewa, kosa lilikuwa letu. Siku hizi nasema: ukiwa kwenye dawa hii, usinywe pombe. Na nasema pombe, sisemi vileo, kwa sababu kuna wanaoamini bia si kileo.

Lakini nawaletea na upande wa pili, maana neno rahisi nalo linaweza kuua. "Kila saa 8". Maneno mawili mepesi na tarakimu moja, mtoto anayasoma. Mgonjwa wangu alikunywa dawa saa 8 mchana na saa 8 usiku. Kila ifikapo saa 8, kama alivyoandikiwa! Badala ya mara tatu kwa siku akawa anakunywa mara mbili. Na "kutwa mara 3" nayo ina mtego wake: kutwa ni mchana mzima, kwa hiyo wapo wanaobana dozi zote tatu kati ya asubuhi na jioni, usiku mzima mwili hauna dawa.

Mhariri atanikosoa kwamba "masaa 8" si sanifu, wingi wa saa ni saa. Najua. Ila mgonjwa akisikia "masaa 8" anahesabu muda, akisikia "saa 8" anatazama ukutani. Nilikuwa nabishana na wenzangu kuhusu hilo, sasa nimeacha kubishana. Kwa dawa ya namna hiyo naandika saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Sarufi ibaki salama na mgonjwa apone.

#9 Mhariri wa Zamu

Nesi, nilikuwa nimeshaandika nusu ya jibu kuhusu "masaa" kabla sijafika mstari wako wa mwisho. Nimefuta.

#10 Kifungu Kidogo

Niseme kwa ufupi kwa upande wa sheria. Msitutupie mawe kwa kila neno msilolijua. Mshtakiwa ni wa kesi ya jinai, mdaiwa ni wa madai. Ukiwachanganya ili "kurahisisha" umempa mtu uhalifu ambao hakuutenda. Neno la fani lenye maana moja tu halibadilishwi. Linaelezwa mara moja, basi, mnaendelea nalo.

Ila "aliyetajwa hapo juu ambaye kuanzia sasa kwa mujibu wa waraka huu atajulikana kama" nawaachia mchinje. Hiyo hata sisi tunairuka tukisoma.

#11 Silabi Saba

Naona hakuna aliyeleta ya wenzetu, ngoja nijaribu.

Mwaka 1979 huko London, mwanamke aitwaye Chrissie Maher alizikata fomu za serikali vipande vipande mbele ya Bunge kwa sababu watu wa kawaida hawakuzielewa, na hapo ndipo ilipoanza Plain English Campaign, kampeni ya kudai Kiingereza chepesi. Uswidi ina sheria ya lugha ya mwaka 2009 inayotaka maandishi ya umma yawe nadhifu, mepesi na yaeleweke. Marekani ilipitisha ya kwao mwaka 2010. Na tangu 2023 kuna kiwango cha kimataifa kabisa cha lugha nyepesi, ISO 24495-1. Kiini chake hakina makuu: msomaji akipate anachokitafuta, akielewe, akitumie. Lipime tangazo la kwanza la mleta uzi kwa hayo matatu. La kwanza tu limeshaanguka.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2006. Mwanasaikolojia Daniel Oppenheimer alichukua maandiko, mojawapo ya aina yakiwa insha za kuomba nafasi ya masomo, akabadilisha maneno ya kawaida kwa marefu zaidi yenye maana ileile, akawapa watu wayapime. Waandishi wa matoleo yaliyonenepeshwa walionekana wana akili ndogo zaidi. Yaani kile tunachokifanya ili tuonekane wasomi kinatushusha. Alipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaokuchekesha kwanza na kukufikirisha baadaye. Na makala yenyewe aliipa kichwa kilichojaa maneno mazito kwa makusudi.

Sasa tahadhari. Tusibebe kanuni zao nzima nzima. Rudolf Flesch alitunga kipimo cha usomekaji mwaka 1948 kinachohesabu urefu wa sentensi na silabi za kila neno: silabi zikizidi, andiko ni gumu. Kwa Kiingereza kina mantiki. Kilete huku uone. "Hatujakupigia" ni silabi saba, na mtoto wa miaka minne analisema bila kupepesa. "Lau" ni silabi mbili, na nusu ya wasomaji watasimama. Kwetu urefu wa neno hausemi chochote kuhusu ugumu wake. Anayekwambia "tumia maneno mafupi" kwa Kiswahili amekunakilia ushauri usiokuhusu.

#12 Chimbuko

Basi kipimo kiwe asili. Maneno yetu ya Kibantu ndiyo mepesi, haya ya Kiarabu ndiyo ya kujikweza. Tuyapunguze, tumemaliza.

#13 Mhariri wa Zamu

Ndugu, ulipotaka kuandika hiyo sentensi ya mwisho, saa ngapi ilikuwa? Saa ni Kiarabu. Kitabu, habari, rafiki, sababu, wakati, hata samaki. Nenda kamwambie mvuvi samaki ni neno la kujikweza. Upande wa pili, unyambulishaji ni Kibantu kitupu na wanafunzi wanalikimbia. Asili ya neno ni habari tamu ya jioni, haikwambii kama msomaji wako analo.

#14 Chimbuko

Hata "asili" yenyewe? Duh. Nimekaa.

#15 Kishikwambi

Na sisi wa teknolojia mtuweke kundi gani? Nikiandika kompyuta nakosolewa niandike tarakilishi. Nikiandika tarakilishi mteja anauliza ni kitu gani. Simu ya mkononi, eti rununu. Jina langu hapa lenyewe ni msamiati wa kitaalamu, maana yake tablet, na kila wiki kuna anayeniuliza ni samaki au ugonjwa.

#16 Kalamu Butu (mleta uzi)

Kwa maoni yangu andika kompyuta. Neno limeshaingia, limevaa sauti zetu, limekaa. Sina ugomvi na maneno mapya. Tovuti na barua pepe yalikuwa mapya, leo hakuna anayestuka. Lakini hayo yalishinda kwa kutumika, na maelekezo ya kurudisha nywila (password) iliyosahaulika si mahali pa kumfundisha mtu msamiati. Tayari amechanganyikiwa.

(Nami nilikuwa nadhani ni samaki.)

#17 Jogoo wa Insha

Tatizo letu lilianzia darasani, tusidanganyane. Mwalimu wetu alikuwa anahesabu mapambo. Kila insha ilifunguliwa na majogoo wakiwika na jua likichomoza kwa madaha, nawe unachupa kitandani mithili ya swara. Niliwahi kuandika insha ya ajali iliyotokea saa 10 jioni. Jogoo aliwika. Mhusika akaamka, akapiga mswaki, akashinda nyumbani kutwa nzima hana la kufanya, akisubiri ajali yake. Nilipata alama nzuri.

Sasa naandika ripoti kazini na kidole bado kinamtafuta jogoo.

#18 Mwanagenzi

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote tangu juu, nimeingiwa na woga. Kesho natuma barua ya kuomba kazi. Aya ya kwanza ni hii, naomba msinicheke:

"Kwa heshima na taadhima kubwa, naandika waraka huu nikiwa na azma ya dhati ya kuwasilisha ombi langu adhimu la kupatiwa fursa adimu ya kutoa mchango wangu katika kuchagiza ufanisi wa taasisi yenu tukufu, nikiwa ni barubaru mwenye ari, weledi na uchu wa mafanikio."

#19 Mhariri wa Zamu

Marahaba. Adhimu na adimu umezitofautisha sawasawa, hilo nakupa. Sasa niambie, unaomba kazi gani?

#20 Mwanagenzi

Mtunza stoo.

#21 Mhariri wa Zamu

Haimo.

#22 Nesi wa Usiku

Mdogo wangu, umewahi kutunza stoo?

#23 Mwanagenzi

Ndiyo dada. Miaka minne kwa mtu mmoja anayeuza vipuri. Nilikuta vitu vimerundikwa tu, nikavipanga kwa namba, nikaanzisha daftari la kuingia na kutoka. Kabla yangu kila mwisho wa mwezi kulikuwa na ugomvi wa vitu vilivyopotea. Miaka miwili ya mwisho hesabu haikupishana hata mara moja.

#24 Kalamu Butu (mleta uzi)

Umeona ulichofanya? Tulipokuuliza kama binadamu, umejibu kama binadamu. Nakili hiyo #23 kama ilivyo, weka juu yake sentensi moja inayosema unaomba kazi ya kutunza stoo, basi.

#25 Jogoo wa Insha

Na "barubaru" umwachie mwalimu wangu.

#26 Binti wa Beti

Hata mimi nasema toa. "Vitu vimerundikwa tu" ina picha kuliko aya nzima ya kwanza. Ila "ari" muachieni neno moja jamani, kijana kalitafuta.

#27 Mwanagenzi

Sasa wakubwa, nikitoa yote haitaonekana nimekosa adabu? Barua kwa mkubwa unaingiaje tu moja kwa moja kama unamdai?

#28 Kifungu Kidogo

Swali zuri. Adabu si pambo. Salamu, "ndugu", "naomba", hivyo vina kazi, vinamwambia anayesoma umesimama wapi mbele yake. Kinachochosha ni kuomba ruhusa mara sita kabla ya kusema shida. Hodi moja, ukiitikiwa karibu, ingia.

#29 Mwanagenzi

Nimeandika upya:

"Ndugu, kwa heshima naomba kazi ya mtunza stoo mliyoitangaza. Nimetunza stoo ya vipuri kwa miaka minne. Nilikuta vitu vimerundikwa, nikavipanga kwa namba na kuanzisha daftari la kuingia na kutoka. Kwa miaka miwili ya mwisho hesabu haikupishana."

Ilikuwa ukurasa mzima, imekuwa mistari minne. Naiona fupi mpaka inanitisha. "Ari" imekosa pa kukaa, dada nisamehe. "Kwa heshima" nimebakisha moja, hiyo sitoi hata mkisemaje.

#30 Mhariri wa Zamu

Usitoe. Ongeza namba yako ya simu, umeisahau.

#31 Mpita Njia

Kama katibu alivyosahau saa 😂